AC mbili za Mapinga na kuta zake mbili

AC hizo mbili zilinunuliwa siku moja, duka moja, zikafungwa na fundi mmoja mwaka 2013, nyumba ikiwa haijapakwa hata rangi. Zote ni za BTU 12,000, zote za gesi ya R-22, wala hakuna ya inveta. Ya sebuleni, mashine yake ya nje ilitundikwa ukuta unaotazama bahari. Ya chumbani ikatundikwa ukuta wa pili, unaotazama barabara ya Bagamoyo. Mwezi wa kumi na mbili, joto la kaskazi lilipoanza kukolea, zote mbili zikaacha kupoza ndani ya wiki moja.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Fundi wa kwanza alimwambia zimezeeka, anunue mbili mpya. Wa pili akasema zinataka gesi tu. Ushauri wa wote wawili ulikuwa mbovu, na ubovu wake ni uleule: kila mmoja alikuja na jibu lake mfukoni, akalibandika kwenye mashine zote mbili kana kwamba ni moja.

Hapa nachambua alichofanya fundi wa tatu, kijana wa Bunju, kwa kuwa ndiye pekee aliyepima kabla ya kusema.

Hakuanza na mtungi wa gesi. Baada ya shikamoo na marahaba, aliomba aonyeshwe soketi, akachomeka mita. Ilikuwa jioni, saa ambayo kila nyumba imewasha. Mita ikasoma volti 192, na umeme wa majumbani unatakiwa uwe 230.

"Mwalimu, hapa umeme mdogo huwa unakuja kila siku?"

"Kila siku jioni, baba. Hata taa tunaziona zinafifia."

Wakazi wa Mapinga wanalijua hilo. Viwanja vimegawanywa haraka kuliko transfoma zilivyoongezwa, na nyumba ya mwisho kwenye laini hupata mabaki. Kompresa ikipewa volti pungufu inashindwa kuzunguka, inanguruma, inavuta ampea nyingi na kupata moto mpaka kinga yake ya ndani inaikata. Ikipoa inajaribu tena. Kifaa kinachoumia mapema katika purukushani hiyo ni kapasita, kile kikopo cha kuipa kompresa msukumo wa kuanza.

Ndicho kilichokuwa kimekufa kwenye AC ya chumbani. Feni ya nje ilikuwa inazunguka vizuri, kompresa inanguruma sekunde chache na kunyamaza. Kapasita imeandikwa mikrofaradi 35, mita ikasoma 21. (Asiye fundi asiichokonoe: huhifadhi umeme hata swichi ikiwa imezimwa.) Akaweka mpya, kompresa ikaondoka mara moja. Akafunga geji, presha ya upande wa kunyonya ikatulia karibu psi 70, mahali pake kwa R-22. Kipimajoto kikaonyesha hewa inaingia kwenye mashine ya ndani ikiwa nyuzi 29 na kutoka ikiwa 18. Tofauti ya nyuzi kumi na moja kwa mashine ya miaka mingi hivyo ni afya njema. Gesi iliyomo ni ileile iliyokuja nayo kutoka kiwandani.

Hilo la gesi ndilo kiini cha mambo, maana ndipo pesa za watu wa pwani zinapotelea. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli ya bodaboda. Inazunguka ndani ya shaba iliyofungwa pande zote, inafyonza joto ndani na kulitema nje, kisha inarudi. Ikipungua, kuna tundu. Anayejaza bila kutafuta tundu anauza bidhaa ambayo atarudi kuiuza tena, na wengine wanajua hivyo vizuri sana. AC ya sebuleni ilikuwa inajazwa kila ulipofika mwezi wa kumi na mbili, na Mwalimu alishazoea kuihesabu kwenye matumizi ya sikukuu.

Kijana alizunguka upande wa bahari. Kwa mbele mashine ya nje ilionekana nzima, rangi imepauka tu. Kwa nyuma, vile vibati vyembamba vya alumini vinavyozunguka mabomba ya shaba vilikuwa vimevimba na kuota unga mweupe. Alivigusa kwa kidole vikamong'onyoka, vikadondoka chini. Kwenye kona za shaba kulikuwa na ukijani. Akapaka povu la sabuni. Mapovu yakatoka kwenye kona mbili, na sehemu ya tatu yakawa madogo yanayopanda polepole, ya kuonwa na mwenye subira.

Hiyo ni kazi ya chumvi, na haina siri. Shaba na alumini zikigusana katika unyevu wenye chumvi huwa betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa kwanza ni alumini. Vibati vikishaachana na bomba, joto halipati njia ya kutoka. Presha ya upande wa kusukuma inapanda, kompresa inavuta umeme zaidi kwa ubaridi mdogo zaidi. Kwa hiyo hata kabla gesi haijavuja, mashine ilikuwa inakula umeme wa LUKU bure. Na ukuta ule unapokea upepo wa bahari uso kwa uso, kaskazi na kusi.

Je, matundu hayazibiki? Yanazibika. Unalehemu, unajaribu kwa nitrojeni, unanyonya hewa na unyevu kwa pampu, unajaza. Lakini anayelehemu shaba iliyokwisha kuliwa anahamisha tundu tu: moto unaponya kona moja na kuichosha ya jirani. Kubadilisha kondensa nzima, yaani vibati pamoja na mabomba yake, kungekuwa jibu, ila kondensa ya kulingana na mashine ndogo ya mwaka 2013 haipatikani kirahisi, na ya kuunga-unga hugharimu kiasi cha kukuuliza kwa nini hukununua mashine. Kwangu huo ndio mpaka. Kapasita, feni, rimoti, hata bodi, vinatengenezeka. Vibati vikishakuwa unga, imekwisha, hata kama risiti inasema mashine ni ya juzi.

Lipo pia suala la gesi yenyewe. R-22 inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, zilipangiwa kupunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025 na kuziacha ifikapo 2030, kikibaki kiasi kidogo cha matengenezo hadi 2040. Haina maana kwamba AC ya chumbani imekuwa haramu. Iliyojazwa tayari na isiyovuja haina shida na ratiba hiyo. Inayovuja kila mwaka ndiyo inayopanga foleni kwenye bidhaa inayozidi kuadimika, na bidhaa ikiadimika huvutia ujanja. Wapo wanaoingiza R-410A kwenye mashine ya R-22: presha yake ni zaidi ya mara moja na nusu, na oili ya kompresa ya zamani haiendani nayo. Wapo wanaotia gesi ya kupikia, kwa kuwa presha zake zinakaribiana na za R-22 na AC inapoza kweli. Inapoza, lakini umeshafunga ukutani kitu kinachowaka, katika mashine yenye swichi za umeme zisizotengenezwa kwa ajili yake. Fundi akikuambia gesi ni gesi, mlipe nauli aende.

Basi ya chumbani ikatengenezwa, ya sebuleni ikahukumiwa. Sehemu ngumu ilikuwa kuchagua mpya.

Dukani walimshauri Mwalimu achukue inveta, na kwa jumla ushauri huo ni mzuri: kompresa ya inveta inapunguza mwendo chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka. Ila faida yake hupatikana kwa saa, na saa zinahesabika. Mimi na Mwalimu tulifanya jaribio ambalo kila mwenye LUKU anaweza kulifanya. Saa nne usiku tulisoma uniti zilizobaki kwenye mita, AC ya chumbani ikawashwa, na saa kumi na mbili asubuhi tukasoma tena. Ukitoa friji, zilikuwa zimekwenda kama uniti 6. Kwa bei ya Sh 292 iliyopangwa na EWURA mwaka 2016, ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na 1 ya EWURA yenyewe, uniti inafika Sh 356 hivi. Usiku mmoja ni kama Sh 2,100.

Tuseme inveta ingeokoa uniti 2.5 kwa usiku. Ni Sh 890, karibu Sh 27,000 kwa mwezi. Mwalimu anawasha AC miezi minne tu, Desemba hadi Machi. Kusi ikianza, madirisha na panga boi vinatosha. Kwa mwaka ni Sh 107,000. Kama tofauti ya bei kati ya inveta na ya kawaida ni, kwa mfano, Sh 400,000, chumbani ingerudi kwa miaka minne isiyotimia. Sebuleni, ambako AC huwashwa saa mbili za jioni wageni wakiwepo, akiba ni robo ya hiyo. Ingechukua miaka kumi na mitano, na chumvi ya Mapinga haimsubiri mtu miaka kumi na mitano.

Kwa hesabu ya karatasi, basi, inveta mpya ingeingia chumbani na ile kongwe iliyopona ihamie sebuleni. Nililipendekeza hilo na kijana akakataa. Kuhamisha ni kukusanya gesi yote kwenye mashine ya nje, kufungua nati za shaba ambazo hazijaguswa tangu 2013, kukunjua bomba na kulikunja upya. "Kitu kizima tukiache kizima, Mwalimu," alisema. "Nikishakifungua siwezi kukuapia." Nadhani alikuwa sahihi. Hesabu yangu haikuwa na safu ya kuandika hatari ya kugusa.

Kilichofanyika ni hiki. Sebuleni ikaingia AC ya kawaida ya BTU 12,000, si ya inveta, ya gesi ya R-32. Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanazibana sasa hata gesi zilizokuja kuchukua nafasi ya R-22, kwa sababu zinapasha joto dunia. R-410A ina uwezo wa kupasha mara 2,088 ya kaboni dioksidi, R-32 mara 675, kwa hiyo kati ya hizo mbili ya kununua leo haina mjadala. Kondensa yake vibati vimepakwa ile rangi ya buluu ya kukinga kutu. Rangi hiyo inasaidia, ila usiipe imani kubwa: ikikwaruzwa na brashi ya mwoshaji wa haraka, chumvi imeshapata mlango. Kwenye rimoti kuna kitufe cha jua, cha kupasha chumba joto. Mapinga hakuna atakayekibonyeza, ila wajukuu wakicheza nacho ndipo utasikia AC mpya imeharibika.

Na fedha ambayo ingekwenda kwenye inveta ikaenda kwenye bomba la shaba. Mashine ya nje haikurudi ukuta wa bahari. Ilipelekwa upande wa barabara, karibu na mwenzake, na bomba likapita juu ya dari. Mita za ziada zina gharama, na zina masharti: AC ndogo huja na gesi ya kutosha mita chache za mwanzo, zaidi ya hapo unaongeza kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko, kwa mizani, si kwa kukisia. Kijana alikuwa na mizani. Bomba jipya pia, maana la zamani lina mabaki ya oili ya R-22.

Kila mashine ilifungiwa kilinzi kinachokata umeme ukishuka chini ya kiwango na kungoja dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Bila hicho, kapasita mpya ingefuata ya zamani kabla ya Pasaka. Mashine za nje zinamwagiwa maji kila mwezi, ya DAWASA, kwa mpira usio na presha kubwa. Jirani mmoja anaosha yake kwa bidii kabisa kwa maji ya kisima ambayo ukiyaonja ni ya chumvi.

Kwa ile ya chumbani tuliandika sharti kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wake, pamoja na tarehe, presha na nyuzi tulizozisoma. Kapasita ikifa tena, ibadilishwe. Feni ikifa, ibadilishwe. Siku itakayodai gesi, na sabuni ikatoa povu kwenye kondensa, isijazwe; ing'olewe, na hapo ndipo inveta iingie.