Fundi na hitilafu inayojificha

Kompyuta iliyokufa kabisa haimpi fundi shida sana. Unabonyeza, haiwaki, ugonjwa uko mezani. Inayompima fundi ni ile ambayo mtandao wake unakatakata. Asubuhi iko sawa, saa nne mtandao umepotea, mwenye nyumba anapiga simu, na kabla fundi hajafika umesharudi wenyewe. Mwenye nyumba anabaki na aibu kama mtu aliyezusha. Mafundi wengi hapo huzima ruta, huiwasha, huchukua pesa yao na kuaga. Kesho yake tatizo liko palepale.

Mjini Mpanda kubahatisha kuna gharama. Tawi la reli ya kati linalochepuka Kaliua linaishia hapa, na mkoa wenyewe, Katavi, ni mchanga, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Fundi wa Kariakoo akishuku kadi ya mtandao, anavuka barabara, ananunua nyingine na kujaribu. Mpanda, kifaa kisichokuwepo dukani huagizwa mbali, hungojewa kwa basi au treni, na kikishafungwa ikaonekana kumbe kosa halikuwa hapo, mwenye kompyuta ameshalipa. Kwa hiyo fundi anayeheshimika hapa ni yule anayejua kwanza, akanunua baadaye. Nimemtazama mmoja wa namna hiyo akiwa kazini, na nataka kuieleza kazi yake kwa utulivu, maana sehemu yake kubwa haionekani kwa macho.

Nyumba ilikuwa ya mwalimu, huko Makanyagio. Ruta iko sebuleni. Kompyuta iko chumba cha uani, anakojaza taarifa za wanafunzi wake na ambako kijana wake anasomea masomo ya Chuo Kikuu Huria. Katikati kuna kuta za matofali ya kuchoma na paa la bati, Wi-Fi inafika imechoka, ndiyo maana mtu mwingine zamani alipitisha waya mrefu juu ya dari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, karibu fundi. Mtandao unatutesa. Na kwa vile umekuja, leo utaukuta upo."

"Ukiwepo ni vizuri pia, mwalimu. Kwanza niulize."

Akakaa, begi lake halijafunguliwa, akauliza maswali matatu. Mtandao ukikata kwenye kompyuta, simu iliyoshika Wi-Fi ya ruta hiyohiyo nayo inakata? Hapana. Taa za ruta huzimika zote na kuanza kuwaka upya? Hapana. Unapokata, mnakuwa mnafanya nini? Mwalimu akafikiri kidogo. Kusoma barua pepe hakuna shida, akasema. Balaa linaanza akipakia mafaili makubwa, au kijana akifungua kipindi cha video.

Kila swali lilikuwa linaondoa mshukiwa. Kama simu nayo ingekuwa inakata, macho yangegeukia ruta, umeme wake na kampuni inayoleta huduma. Mafundi wa Mpanda huushuku umeme mapema, na wana sababu: kwa miaka mingi mji huu uliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya Gridi ya Taifa. Umeme ukiwa mdogo jioni, wakati nyumba nyingi zinapika na kupiga pasi, adapta ya ruta iliyochoka hushindwa kutoa volti 12 zake, na ruta hujizima na kujiwasha. Taa za ruta ndizo hulifichua tatizo hilo. Kuna na radi za masika, ambazo zinaweza kupita kwenye nyaya na kuujeruhi mlango wa ruta bila kuuua. Majibu mawili ya mwalimu yaliuweka umeme na kampuni ya huduma pembeni; mlango wa ruta ukabaki mshukiwa. Jibu la tatu fundi aliliandika kwenye daftari, akaligusa baadaye.

Kisha akafungua dirisha jeusi la amri na kutumia programu ndogo iitwayo ping. Iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, na mpaka leo ni chombo kinachotumika sana kwa kazi hii. Inafanya kile ambacho mgeni mstaarabu hufanya mlangoni: inapiga hodi kwenye anwani fulani, inangoja karibu, na kupima muda ambao jibu limechukua.

Hodi ya kwanza aliipiga 127.0.0.1, anwani ambayo kwayo kila kompyuta hujiita yenyewe. Ikaitika, kwa hiyo programu za mtandao ndani ya mashine ni nzima. Akatazama anwani ambayo kompyuta imepewa. Ingeanza na 169.254, maana yake ingekuwa kwamba kompyuta iliomba anwani kwa ruta, ikakosa jibu, ikajitungia yake. Ilianza na 192.168, yaani ruta na kompyuta walishasalimiana. Baada ya hapo akafungua madirisha mawili ubavu kwa ubavu: moja linapiga hodi mfululizo kwenye ruta, 192.168.1.1, la pili kwenye 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo mbali kabisa na Katavi.

Mpango huo wa madirisha mawili ni mzuri kwa sababu unaigawa dunia sehemu mbili. Dirisha la nje likinyamaza huku la ruta linajibiwa, kosa liko ng'ambo ya ukuta wa mwalimu: kwenye mnara, kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, au kwenye nyaya za chini ya bahari zinazotokea pwani. Hapo fundi mwaminifu humwambia mteja kwamba hana la kutengeneza, na asilipwe kwa kujifanya ametengeneza. Yakinyamaza yote mawili kwa pamoja, kosa liko humu ndani.

Hakuna lililonyamaza. Chai ikaletwa, ikanywewa, majibu yakaendelea kushuka mstari kwa mstari bila pengo. Kwa mtu mwenye haraka, hapo ndipo pa kusema mtandao ni mzima. Fundi akarudi kwenye daftari lake, kwenye yale maneno kuhusu mafaili makubwa. Hodi ya kawaida ya kompyuta ya Windows hubeba baiti 32 tu, mzigo mdogo sana. Akaiongeza ile inayokwenda kwenye ruta ikawa baiti 1,400. Haikuchukua muda majibu yakaanza kukosekana: moja, kisha mawili yaliyofuatana, kisha kimya kirefu. Hitilafu ambayo kwa wiki nyingi ilikuwa inakuja kwa hiari yake sasa ilikuja kwa kuitwa. Kwangu mimi huo ndio ulikuwa upeo wa kazi yote. Kosa unaloweza kuliita unaweza pia kulithibitisha kwamba limeondoka.

Akaibeba kompyuta mpaka sebuleni, akaiunganisha na ruta kwa waya mfupi aliokuja nao, mlango uleule wa ruta, hodi zilezile nzito. Hakuna jibu hata moja lililopotea. Kwa jaribio hilo moja kompyuta, kadi yake ya mtandao, ruta na mlango wake vyote vikasafishwa jina. Ukabaki waya wa darini.

Kipima waya chake kina taa nane, moja kwa kila uzi. Akakifunga kwenye ncha mbili za waya ule, na taa zikawaka zote, moja hadi nane, kwa mpangilio wake. Mashine imesema waya ni mzima. Fundi akachukua tochi, akaiinua plagi usawa wa macho na kuanza kusoma rangi.

Ndani ya waya wa mtandao kuna nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili, jozi nne. Ubunifu wa kusokota jozi ni wa Alexander Graham Bell, aliyeupatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu. Kelele za umeme kutoka nje zinazipiga nyuzi mbili za jozi kwa kiasi kilekile, na kwa kuwa upande wa kupokea husoma tofauti kati ya nyuzi hizo, kelele inajifuta. Sharti ni moja: nyuzi zinazofanya kazi pamoja ziwe ndizo zilizosokotwa pamoja. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, uzi wa kwanza hushirikiana na wa pili, na wa tatu hushirikiana na wa sita. Ndiyo maana mpangilio unaotumika sana unaonekana wa ajabu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani inaruka juu ya jozi ya bluu ili ikae nafasi ya sita.

Aliyetangulia alikuwa amepanga kila rangi na nduguye, kijani kando ya kijani, bluu kando ya bluu. Kwa macho ni nadhifu zaidi. Lakini nafasi ya tatu ilikuwa na uzi wa kijani na ya sita uzi wa bluu, nyuzi ambazo hazijasokotwa pamoja, na kinga dhidi ya kelele ikapotea. Kwenye waya mfupi huenda isingegundulika. Kwenye waya mrefu, ujumbe mdogo unapenya, mzito unavunjika njiani. Kipima waya hakikudanganya. Chenyewe huangalia tu kama shaba imefika upande wa pili, hakijui nani amesokotwa na nani.

Akakata ncha zote mbili. Akamenya ganda, akazifungua jozi kidogo tu, maana kadiri unavyofungua msokoto ndivyo unavyopunguza kinga. Akanyoosha nyuzi kwa kidole gumba, akazipanga, akazikata usawa mmoja, akazisukuma ndani ya plagi mpaka shaba ikaonekana mwisho wake, na kuhakikisha ganda la nje nalo limeingia ili meno ya plagi yalibane. Ndipo akabana kwa koleo.

Waya huo pia ulikuwa umefungwa pamoja na waya wa umeme darini. Aliliona hilo mapema na hakuligusa. Alirudisha kwanza kompyuta uani, akapiga hodi nzito, akaona zote zinajibiwa, akamwomba mwalimu apakie faili kubwa kuliko yote aliyonayo. Baada ya kuthibitisha ndipo alipopanda kutenganisha nyaya. Kijana anayejifunza ufundi kwake aliuliza kwa nini hakumaliza yote kwa mkupuo mmoja. "Ningebadilisha mawili," akamjibu, "nisingejua lipi lilikuwa kosa."

Wakati wa malipo mteja kwa kawaida huuliza, "Umebadilisha nini?" Kwa hesabu hiyo fundi huyu alibadilisha plagi mbili, vitu vya bei ndogo kuliko chai aliyopewa na vitafunwa vyake, na fundi aliyeuza ruta mpya isiyohitajika angeonekana amefanya kazi kubwa kumzidi. Hesabu hiyo inawaonea mafundi bora na kuwafundisha vijana wao kubahatisha. Mwalimu aliuliza swali lingine: "Umejuaje?" Fundi akamweleza yote, tangu swali la simu hadi uzi wa sita, na yule kijana anayejifunza kwake akisikiliza. Akalipwa kwa kujua. Natamani swali hilo lizoeleke katika kila nyumba yenye kompyuta Katavi, kwa sababu anayelijibu kikamilifu ndiye fundi wa kuitwa tena.