Maneno ya Kale Katika Hadithi za Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau. Hadithi hiyo, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapwa mwaka 1960, ikafuatwa na Kisima cha Giningi (1968) na nyinginezo, hata Kosa la Bwana Msa (1984). Wahakiki wamekwisha kuonyesha jinsi Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, alivyofuata nyayo za Sherlock Holmes wa Conan Doyle. Lililoangaliwa kwa uchache ni ualimu wa hadithi hizo. Mwanafunzi wa Kiingereza hujifunza kwa Holmes majina ya magari ya farasi yaliyokwisha toweka katika njia za London. Mwanafunzi wa Kiswahili naye hujifunza kwa Bwana Msa maneno ambayo kizazi chake hakiyatumii.

Faida hiyo ni ya kweli. Hadithi ya upelelezi haimpi msomaji ruhusa ya kuruka neno, kwani kila chombo kilichomo chumbani chaweza kuwa ushahidi. Asiyejua jina la kitu hawezi kushiriki katika kukitafakari. Orodha ya msamiati haina nguvu hiyo.

Lakini msomaji wa Njombe au Makambako, aliyelelewa katika Kibena au Kikinga na kukipata Kiswahili shuleni na sokoni, yumo katika hatari. Neno asilolijua hulihesabu kuwa la kale. Hapa pana mambo matatu yasiyofaa kuchanganywa. Kwanza, yako maneno ya kale kwa haki, kama rupia, iliyokoma kuwa fedha ya Unguja mwaka 1936, na ambayo Bara ilitumika katika enzi ya Wadachi. Pili, yako maneno yaliyo hai, ila makao yake ni mbali: skuli yaweza kudhaniwa Makambako kuwa ni shule ya zamani, kumbe Unguja ndilo neno la kila siku.

La tatu ndilo zito, nalo ni neno linalojulikana kwa sura lakini si kwa maana. Mtu wa Njombe asikiapo shamba huona mahindi, viazi au chai; Mwunguja anaposema anakwenda shamba, aghalabu ameuacha mji tu, wala hana jembe mkononi. Baraza kwa wa kwanza ni mkutano wa wazee au wa mawaziri. Kwa wa pili ni kwanza kikalio cha nje ya nyumba, mahali pa mazungumzo ya jioni. Mzimu kwa wa kwanza ni roho ya marehemu. Katika kitabu cha 1960 ni mahali, panapoendewa, na ndipo maiti ya Bwana Ali ilipokutwa. Neno geni humpeleka msomaji kwenye kamusi. Neno lililozoeleka humwacha ametulia katika kosa lake.

Yafaa kukumbuka kwamba Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Hivyo mwalimu hawezi kuyaita maneno hayo lahaja tu na kuyapuuza. Wala hawezi kumwambia mwanafunzi wa Njombe kwamba shamba lake la mahindi ni kosa. Matumizi ya Bara yamekwisha kujijengea haki yake. Wala uzee wa maneno hauko Unguja pekee: katika Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), simu ilikuwa na waya, na kabla ya hapo neno hilo lilitumika hata kwa habari zipelekwazo kwa telegrafu. Kijana wa leo hufikiri kitu cha mfukoni.

Basi wanaotaka kuzisahihisha hadithi za Abdulla ili ziwe nyepesi kwa shule za Bara watapoteza kitu kisichorudishika. Maneno yaachwe kama alivyoyaandika. Kinachohitajika ni sherehe fupi mwishoni, inayotenga bayana lililokufa, lililo hai Unguja, na lenye maana mbili. Na fungu hilo la mwisho ndilo lipewe nafasi kubwa zaidi, ingawa ndilo ambalo watungaji wa sherehe hulisahau, kwa kuwa kila mtu hudhani analijua.