Noa Noa: Giza Ndani ya Mbao

Paul Gauguin alirejea Ufaransa kutoka Tahiti mwaka 1893. Mwezi wa Novemba alionyesha picha zake mjini Paris, na wengi waliozitazama hawakuzielewa. Katika majira ya baridi yaliyofuata akashika patasi, akachonga vipande kumi vya mbao ili michoro yake ifuatane na kitabu alichokuwa akikiandika juu ya kisiwa kile. Kitabu na michoro vikapewa jina moja la Kitahiti, Noa Noa, yaani chenye kunukia.

Aendaye humo kutafuta manukato hukutana na usiku. Gauguin alichimba kwa patasi, akakwaruza kwa ncha kali na kwa msasa, kisha akachapa kwa mkono wake mwenyewe, mweusi juu ya manjano, juu ya rangi ya chungwa, juu ya wekundu uliofifia. Hakujali nakala zifanane. Katika moja wino umezidi hata mti ukapotea. Katika nyingine rangi imevuka mpaka wake.

Ubao uitwao Manao tupapau ndio kiini cha yote. Msichana amejikunyata mithili ya mtoto tumboni, na gizani nyuma yake pana mzimu. Kitabu chasimulia kisa chake: Gauguin alichelewa kurudi kutoka Papeete, akakuta taa imezimika na mkewe wa Kitahiti, aliyetajwa humo kuwa na umri wa miaka 13 hivi, amelala macho wazi kwa hofu. Gauguin mwenyewe alieleza kwamba jina la picha lina maana mbili: ama msichana anauwaza mzimu, ama mzimu unamwaza yeye. Tena akajiuliza katika kitabu kama huenda binti yule alimdhania yeye kuwa ndiye mzimu.

Swali hilo ndilo zito kuliko yote aliyoyaandika, naye alilipita upesi. Kwingineko kitabu chajifanya kujua mengi. Hadithi za miungu ya kale, ambazo chadai zilitoka kinywani mwa binti huyo, kwa sehemu kubwa zilitoka katika kitabu cha Moerenhout cha mwaka 1837. Maneno yalidai ujuzi, wino haukudai. Katika nakala alizochapa Gauguin mwenyewe giza humsitiri msichana, na mtazamaji hawezi kujua ni nani anayeogopwa.

Ndiyo maana mkono wa mchapaji una uzito hapa, kama ulivyo mkono wa mfasiri katika shairi. Rafiki yake Louis Roy alichapa kwa wino mzito na rangi kali, giza likawa pambo. Mwaka 1921 mwanawe, Pola, alichapa upya mjini Copenhagen kwa weusi mtupu, na kila mkwaruzo ukaonekana. Nakala za Pola ni safi, zafaa kwa atakaye kujifunza uchongaji. Lakini usafi huo umefukua kile ambacho baba alikiacha kizame, na msichana amebaki amewekwa wazi mbele ya macho ya kila mtu.

Nakala bora basi ni zile zenye dosari, alizozichapa Gauguin mwenyewe. Hazimwondolei lawama juu ya binti yule. Ila ndani yake, pengine bila kukusudia, alikiri kwamba usiku wa Tahiti haukuwa wake.