Mashetani wa Colosseum: Nani Hasa Aliyewaona?

Vitabu vya Ulaya vya kuita mashetani ni vingi, na karibu vyote vinaeleza jinsi kazi inavyopaswa kufanywa. Benvenuto Cellini, sonara wa Florence, ametuachia kitu adimu zaidi: maelezo ya jinsi kazi yenyewe ilivyokwenda. Nani alishika nini, nani alitetemeka, moshi gani ulitiwa na wakati gani. Alizaliwa mwaka 1500, na kuanzia 1558 alisimulia maisha yake huku kijana mmoja akiandika. Kitabu hicho hakikupigwa chapa hadi 1728. Kisa chetu kilitokea Roma, mwanzoni mwa miaka ya 1530, Papa Clement VII angali hai.

Cellini ni mtu wa kujikuza, na anayemsoma lazima alikumbuke hilo. Lakini hapa anakiri kwamba aliogopa, na anagawa majukumu ya usiku ule kwa uangalifu wa fundi aliyezoea karakana. Kwa sababu hiyo namwamini katika mambo madogo, hata pale ninapomtilia shaka katika makubwa.

Chanzo kilikuwa mapenzi. Angelica, binti wa Kisicilia, alikuwa ameondoka Roma, na Cellini hakuwa na habari zake. Akazoeana na kasisi mmoja, naye Msicilia, msomi wa Kilatini na Kigiriki, na maongezi yakaangukia elimu ya kuita mashetani. Cellini akasema siku zote alitamani kuiona kwa macho. Kasisi akamwambia ajitie moyo na atafute mwenzake.

Usiku wa kwanza walikwenda Colosseum, kiwanja kikuu cha michezo cha Roma ya kale, ambacho wakati huo kilikuwa magofu. Kasisi alivaa mavazi ya kazi, akachora duara ardhini, akafungua kama mlango ubavuni mwake na kuwaingiza wenzake mmoja mmoja kwa kuwashika mkono. Talasimu akampa msaidizi wake mwenye uzoefu. Cellini na rafiki yake Vincenzio Romoli wakapewa moto na buhuri. Azima zilisomwa kwa zaidi ya saa moja na nusu. Cellini anasema vikosi vya mashetani vilijaa kiwanjani, lakini alipoomba awe tena pamoja na Angelica hakupata jibu. Kasisi akataka warudi tena, na safari hii waje na mvulana ambaye hajamjua mwanamke.

Sharti hilo ndilo lililobeba uzito wote wa usiku wa pili. Cellini akamchukua mtoto aliyemfanyia kazi dukani, wa umri wa miaka 12 hivi. Romoli akarudi, na rafiki mwingine, Agnolo Gaddi, akaungana nao. Talasimu sasa ilikuwa mikononi mwa Cellini, naye alitakiwa kuielekeza kila upande atakaoonyeshwa. Mtoto aliwekwa chini yake. Kasisi akayaita mashetani makubwa kwa majina, kwa Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, akiyaamuru kwa uwezo wa Mungu. Cellini akarudia ombi lake, na kasisi akamweleza kwamba mashetani yamejibu: kabla mwezi haujaisha atakuwa pamoja na Angelica.

Kisha mambo yakaharibika. Kasisi akasema vikosi vilivyokuja ni vingi kuliko alivyoviita, tena vya hatari, na ni lazima viagwe kwa upole. Mtoto akalia kwamba anaona watu wakali wasiohesabika wakiwatishia, na majitu manne yenye silaha yakijaribu kuingia ndani ya duara. Akafunika kichwa katikati ya magoti na kusema wamekwisha kufa. Cellini akamwambia kwamba viumbe vile viko chini yao, na kwamba anachokiona ni moshi na kivuli tu. Mtoto akainua uso, akasema Colosseum yote inaungua na moto unawajia. Kasisi akaagiza mvuje utiwe motoni. Gaddi, alipojaribu kusogea ili asaidie, alilegea kwa woga na tumbo likamponyoka kwa kishindo na harufu. Cellini akacheka. Mtoto akainua uso kidogo na kusema: wanakimbia.

Walikaa ndani ya duara mpaka kengele za sala ya alfajiri zilipoanza kulia. Kasisi akamaliza taratibu, akavua mavazi, akafunga mzigo mkubwa wa vitabu vyake. Wakatoka wamebanana, mtoto katikati, ameshika kanzu ya kasisi na joho la Cellini. Njiani akasema wawili kati ya wale wa Colosseum walikuwa wakiruka mbele yao, mara juu ya mapaa, mara ardhini.

Sasa tuivunje kazi hii vipande vipande.

Kwanza, mwendeshaji ni kasisi, wala hilo si bahati mbaya. Katika Kanisa Katoliki, kila aliyekuwa njiani kwenda upadri alipitia madaraja madogo, na mojawapo lilikuwa daraja la mpunga pepo. Lilidumu mpaka lilipofutwa mwaka 1972. Mtu wa daraja hilo alikabidhiwa rasmi kitabu cha maneno ya kufukuza pepo. Muundo wa azima za kuita mashetani ni ule ule: unalitaja jina la Mungu, unataja matendo yake, kisha unaamuru. Tofauti ni amri ya mwisho. Mmoja anasema toka, mwingine anasema njoo. Mwanahistoria Richard Kieckhefer, aliyechapisha mwaka 1997 kitabu cha mkono cha karne ya 15 kilichohifadhiwa Munich, aliieleza elimu hii kuwa kazi ya tabaka la chini la makasisi na wanafunzi wa Kilatini, na nadhani hakukosea. Mkulima asiyejua kusoma asingeweza kuifanya.

Msomaji wa pwani ataona tofauti moja mara moja. Katika ngoma za pepo za kwetu, pepo hualikwa apande kichwani. Mtu anayepandwa huitwa kiti, na fundi huzungumza na pepo kupitia kinywa cha kiti huyo. Mbinu ya Ulaya ilijengwa kinyume kabisa: pepo aje, lakini asimguse mtu yeyote. Ndiyo maana ya duara. Kitabu cha Goetia, kilichoandikwa kwa Kiingereza katika karne ya 17 na kuhusishwa na Nabii Suleiman, kinatoa hata vipimo: duara la futi 9 kwa ajili ya bwana wa kazi, na pembetatu ya futi 3, umbali wa futi 2 nje ya duara, ambamo pepo hulazimishwa kutokea. Pepo 72 wanaorodheshwa humo, wakiwa na vyeo vya wafalme, makabaila na mamarki, na kila mmoja ana muhuri wake. Kuna pia chombo cha shaba ambamo Suleiman anasemekana aliwafungia. Anayejua hadithi za majini ya chupani hataona ajabu, kwa kuwa sehemu ya elimu hii ilivuka kutoka vitabu vya Kiarabu: kitabu cha Ghayat al-Hakim kilitafsiriwa katika miaka ya 1250 kwenye baraza la mfalme Alfonso X wa Castile, na Walatini wakakiita Picatrix.

Sasa moshi. Buhuri nzuri huita, buhuri mbaya hufukuza au huadhibu. Mvuje una kazi rasmi hata katika Goetia: pepo akikaidi, muhuri wake hutiwa ndani ya kijaluba pamoja na kiberiti na mvuje, hufungwa kwa waya wa chuma na kuning'inizwa juu ya makaa kwenye ncha ya upanga, ili mateso yamfikie mwenye muhuri. Mama wa Lamu au Zanzibar anayemfungia mtoto wake mvuje ili shari isimkaribie anatumia utomvu ule ule, kutoka mimea ile ile ya Uajemi na Afghanistan, kwa imani ya jirani kabisa.

Mwaka 1832 mwanafizikia Mskoti David Brewster, katika kitabu chake cha barua kuhusu uchawi wa asili, alidai kwamba mashetani ya Colosseum hayakuwa mawazo matupu. Kwake yalikuwa picha halisi, zilizorushwa juu ya moshi kwa vioo vilivyobonyea au lenzi. Hoja hiyo imerudiwa sana, nami siikubali. Kiwanja ni kikubwa na hakina paa. Mtambo wa kurusha picha zenye kujaza uwanja mzima ulihitaji taa kali ambayo karne ya 16 haikuwa nayo. Taa ya kurushia picha ya Christiaan Huygens ni ya 1659. Tena kuna wale wawili waliorukaruka juu ya mapaa walipokuwa wakirudi nyumbani. Nani aliyebeba kioo barabarani?

Zaidi ya hayo, Brewster hakumpa mtoto uzito anaostahili. Rudia maelezo ukiuliza kila mara: nani anaona? Cellini anasema uwanja ulijaa, lakini hachori hata sura moja aliyoiona yeye. Watu wakali, majitu manne, moto, kukimbia, wawili wa mapaani: vyote vimetoka kinywani mwa mtoto. Na jibu kuhusu Angelica? Hilo limetoka kinywani mwa kasisi. Aliyeomba hakusikia, aliyesikia hakuona, na aliyeona hakuwa na haja yoyote na Angelica. Hakuna mtu mmoja ndani ya duara aliyekuwa na jambo zima mkononi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya ufundi huu, kwa kuwa kila mmoja aliipata imani yake kwa mwenzake.

Tazama hofu ilivyozunguka. Kasisi anatangaza hatari. Mtoto aliyekesha gizani, mbele ya moto, amejaa moshi kifuani, anaipa hatari hiyo miili na silaha. Kasisi anamsikia naye anatetemeka. Mtoto anamwona mkubwa wake anatetemeka. Moto uliowajia ulikuwa karibu naye kweli, Romoli akiuchochea kwa buhuri tele. Na mzunguko ulikatika wakati mtu mzima alipocheka. Cellini anautaja mvuje, lakini kwa mpangilio wake mwenyewe mtoto alisema wanakimbia baada ya kuisikia harufu na kicheko pamoja. Mimi nakipa kicheko uzito mkubwa zaidi. Lilikuwa tendo la kwanza usiku ule lililomwambia mtoto kwamba mtu fulani humo ndani haogopi.

Na tusipite haraka. Huyu alikuwa mtoto wa kazi, aliyeletwa na bwana wake mahali ambapo asingeweza kukataa kwenda. Wakubwa wanne walimtumia kama kioo, kwa sababu ya mapenzi ya mmoja wao. Hakuwa wa kwanza. Kitabu cha Munich kina kazi nyingi za namna hiyo: mvulana anapakwa mafuta ukuchani, anatazama mng'ao, anaambiwa ataje sura ya mwizi. Edward Lane, katika kitabu chake cha 1836 kuhusu Wamisri, anasimulia mganga wa Cairo aliyetia wino kiganjani mwa mvulana, akafukiza ubani na giligilani, kisha akamuuliza anaona nini. Bahari ya Kati ina pwani mbili, na mbinu hii iliishi katika zote.

Goetia haimhitaji mtoto. Bwana wa kazi anatakiwa ajionee mwenyewe ndani ya pembetatu. Ni badiliko kubwa, na nadhani linaeleza kwa nini kitabu hicho kimejaa azima za akiba kwa ajili ya pepo asiyetokea: ya kwanza, ya pili, ya kulazimisha, ya kumwita mfalme wake, mpaka laana na kijaluba cha mvuje.

John Dee, mwanahisabati wa Uingereza, aliyeita malaika na si mashetani, kwa kawaida alimtegemea mtu mwingine kuwa jicho lake. Kwa miaka mitano Edward Kelley alimtazamia katika jiwe la kioo. Kelley alipogoma mwezi Aprili 1587, wakiwa Třeboň huko Bohemia, Dee alimkalisha mbele ya jiwe mwanawe Arthur, mwenye umri wa miaka 7. Hapakuwa na magofu ya usiku, wala mvuje, wala kasisi wa kutetemeka. Palikuwa na baba mpole na sala zake. Mtoto aliona machache mno, hayakumtosheleza baba yake, na kazi ya jiwe ikarudi kwa Kelley.