Ufundi wa Kuuliza Kabla ya Kueleza

Muuguzi wa tiba shufaa aliyebobea utamtambua kwa namna anavyoanza. Huvuta kiti, huketi macho yake yalingane na ya mgonjwa, humwamkia, kisha huuliza: "Mzee, umeelezwa nini kuhusu ugonjwa wako?" Jibu humwonyesha mgonjwa anajua nini, anahofia nini, na leo yuko tayari kusikia kiasi gani.

Ndipo huomba ruhusa ya kueleza. Akiipata, hutumia maneno machache: saratani imefika kwenye ini, dawa hazitaiondoa, maumivu tutayatuliza. Kisha hunyamaza. Mwanagenzi angekimbilia maneno ya kufariji. Yeye husubiri mpaka mgonjwa aulize linalomsumbua.

Ustadi wake huonekana zaidi kwa ndugu. Mtoto mkubwa humvuta pembeni: "Sista, tafadhali, baba asijue." Hamkaripii. Humuuliza anachoogopa, kisha: "Na baba akiniuliza mwenyewe, nimjibuje?" Mara nyingi baba anajua tayari, naye anawaficha wanawe.

Baada ya hapo mpango huandikwa kwa maneno ya mgonjwa. Hali ikizidi, apelekwe chumba cha wagonjwa mahututi au la? Auguziwe wodini au kwake? Akishindwa kusema, nani atamsemea? Shamba na watoto je? Kila jibu huzaa kazi. Anayetaka kurudi kwake ataondoka na morfini ya maji, na mlezi wake atafundishwa kumpa kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga choo. Bila hayo, chaguo lake lingebaki karatasini.

Uganda ililielewa hilo. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Profesa Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza morfini ya kunywa, na mwaka 2004 nchi ikawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Hivyo aliyeketi akamsikiliza mgonjwa ndiye anayeweza pia kumwandikia dawa.

Wanaopanga zamu hospitalini waihesabu saa ya mazungumzo haya kuwa ni matibabu, na wauguzi wafundishwe ufundi huu kama wanavyofundishwa kuchoma sindano. Nawe uliye na mgonjwa nyumbani, muulize anachotaka angali anaweza kukujibu.