Kamba Iko Mkononi mwa Nani?

Watu wengi wanaosema wanaijua hadithi ya Bastian wameona filamu tu, ile ya mwaka 1984 yenye joka jeupe linaloruka. Filamu si mbaya. Lakini inaishia katikati ya kitabu, na mwandishi mwenyewe, Mjerumani Michael Ende, hakuipenda kabisa, hata akataka jina lake litolewe mwanzoni mwa filamu. Ile nusu iliyoachwa ndiyo inayotuhusu sisi tulioko upande huu wa mpaka. Kwa hiyo nawaomba mtafute kitabu chenyewe. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1979, na kwa Kifaransa kinaitwa L'Histoire sans fin.

Bastian ni mtoto wa miaka kumi hivi, mnene, anachekwa shuleni. Mama yake amekufa. Baba yake, fundi wa meno bandia, amejifungia ndani ya majonzi hata mtoto hamwoni tena. Siku moja Bastian anaiba kitabu dukani kwa mzee Koreander, anajificha juu kabisa chini ya paa la shule, anaanza kusoma. Ndani ya kitabu, nchi ya Fantasia inaliwa na Utupu. Malkia wake ni mgonjwa, na kijana mwindaji anayeitwa Atreyu ametumwa kutafuta dawa. Dawa yenyewe ni jina jipya, na wa kulitoa ni mtoto wa binadamu peke yake. Bastian analitamka jina, na palepale anajikuta ndani ya hadithi.

Kwa kutisha, kinatisha kweli. Farasi wa Atreyu anazama kwenye kinamasi, na kinachomzamisha ni huzuni, wala si uzito wake. Mbwamwitu Gmork yuko kwenye mji wa mizimu, amefungwa mnyororo, na wenyeji wote wamekwisha kujitupa wenyewe ndani ya Utupu. Gmork anaeleza kwamba kiumbe cha Fantasia kikimezwa na Utupu, huku kwa binadamu kinageuka kuwa uongo. Mimi naona hapo ndipo kitabu kinapotisha kuliko pote. Watu wa Goma wanajua kupotelewa na mtaa mzima, mwaka 2002 na tena Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na sisi tukavuka barrière na magodoro kichwani. Lakini lava inaacha jiwe, na jiwe lile watu wanajengea tena. Utupu wa Ende hauachi hata shimo. Unachoacha ni uongo unaosemwa juu ya pale palipokuwa na watu. Jambo hilo nalo tunalijua.

Sasa nusu ya pili. Bastian anapewa kidani chenye nguvu: lolote analotaka linakuwa. Anataka kuwa mzuri, anakuwa mzuri, na hapohapo anasahau kwamba aliwahi kuwa mnene. Anataka kuwa hodari, anapewa uhodari, anasahau kwamba aliwahi kuogopa. Kila anachopata kinalipwa kwa kumbukumbu moja ya kwao, na yeye mwenyewe hatambui kuwa analipa. Mwishowe anasahau baba na mama. Linabaki jina tu, na jina nalo linakwenda.

Hapa ndipo ninapomsifu Ende bila kusita. Vitabu vingi vya watoto vinafundisha kwamba hatari ya nchi ngeni ni madubwana. Yeye anasema hatari iko kwenye yale mazuri tunayopewa. Tazameni watoto wetu. Wanajifunza Kinyarwanda cha mtaani upesi, Kiingereza cha shuleni upesi, wanapata marafiki, na sisi wazazi tunafurahi, tena ni haki yetu kufurahi. Halafu siku moja mtoto anaulizwa jina la kijiji cha bibi yake, anabaki kukutazama. Hakuna mtu aliyemwibia. Amelipa tu, kidogokidogo.

Lakini kuna sehemu moja inanikera. Bastian anafika kwenye Mji wa Wafalme wa Zamani, wanakokaa binadamu waliosahau vyote na ambao hawawezi tena kurudi kwao. Wamevaa ovyo, wanarusha dadu za herufi siku nzima bila maana, na nyani mmoja anawachekelea. Ende anataka tuogope kuwa kama wao. Sawa. Ila anaongea kama mtu ambaye kwake kurudi kupo sikuzote: nyumba ni ileile, baba ni yuleyule, mlango haujafungwa, na asiyerudi ni kwa sababu ya ujinga wake. Nilipokuwa nasimulia sehemu hii kwa watoto wa jirani, natoa Kifaransa naweka Kiswahili, msichana mmoja akauliza: «Na kama ile nyumba haiko tena, atarudia wapi?» Kitabu hakina jibu la moja kwa moja.

Jibu nimeliona kwenye hadithi ya kwetu. Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Mwindo naye ni mtoto, na baba yake alitaka kumuua. Baba anapokimbilia chini ya ardhi, kwa Muisa, Mwindo anamfuata. Kule anaonywa na Kahindo, binti wa Muisa, asipokee kila anachokaribishwa. Bastian angepata mtu wa kumwambia hivyo mapema! Lakini kabla hajashuka, Mwindo anafanya jambo moja. Anashika ncha ya kamba, ncha nyingine anamwachia shangazi yake Iyangura. Kamba ikiacha kucheza, shangazi ajue amekufa.

Shangazi hamrudishi Mwindo nyumbani. Kazi yake ni kushika.

Nikarudi kwa Ende na jicho hilo, nikakuta kamba ipo, ila imefichwa. Bastian anapofika kwenye Maji ya Uhai hana jina wala kumbukumbu, na maji yanamuuliza yeye ni nani. Anayejibu ni Atreyu, rafiki ambaye Bastian alikuwa amemfukuza na kumjeruhi kwa upanga. Atreyu anamtajia jina lake, na hata hadithi ambazo Bastian alizianza akaziacha, anaahidi kuzimaliza yeye. Kilichomwokoa Bastian basi ni mtu aliyemkumbuka wakati yeye mwenyewe hajikumbuki. Nyumba ilikuja baadaye.

Kwa hiyo, wazazi na walimu, wasomeeni watoto kitabu hiki, hasa ile nusu ya pili. Mkifika kwenye mji wa wafalme wale, msiwaachie watoto waondoke na kicheko cha nyani. Wasimulieni Mwindo hapohapo, halafu muulize kila mtoto: kamba yako iko mkononi mwa nani? Asiyekuwa na jibu, mwambieni majina: la bibi, la mto, la kijiji. Hata kama kurudi hakupo leo, lazima awepo mtu wa kushika ile ncha.