Ngazi za Traveller na Ngazi za Uluguru

Traveller, mchezo alioutunga Marc Miller na kuchapishwa Marekani mwaka 1977 na kampuni ya Game Designers' Workshop, si mchezo wa kushinda na kushindwa kama bao. Wachezaji huketi mezani. Mmoja huwa mwamuzi na msimulizi, wengine kila mmoja hubeba nafsi ya msafiri wa angani, na dadu mbili hukata shauri penye shaka. Ni bunilizi ya kisayansi inayotungwa kwa kinywa, na jioni ikiisha hubaki kumbukumbu tu. Kilichoandikwa ni kanuni. Basi mhakiki hana budi kuzihakiki kanuni, nazo zimeandikwa upya mara nyingi.

Toleo la 1977 ni vijitabu vitatu vyeusi, vyenye lugha kavu. Mhusika hupatikana kwa dadu, huingia kazini, na kila kipindi cha miaka minne hutupiwa dadu kuona kama amenusurika. Asiponusurika hufa, hadithi yenyewe haijaanza. Toleo la 1981 liliruhusu, kwa hiari ya wachezaji, ajeruhiwe na kuacha kazi badala ya kufa. Lile la kampuni ya Uingereza, Mongoose, la mwaka 2008, liligeuza kifo hicho kuwa mkasa, likaongeza matukio ya maisha na kanuni ya kuwafanya wahusika wawe wamekutana tangu awali. Hapa nasimama na Mongoose. Katika kijitabu cha kwanza mtu ni namba sita na orodha ya ujuzi. Kwetu, ambako mgeni huulizwa kwanza ni mtoto wa nani, mtu huyo bado hajafika.

Lakini ugomvi wangu mkubwa uko kwenye sayari. Dunia nzima huandikwa kwa mstari mmoja wa herufi na tarakimu: bandari, ukubwa, hewa, maji, watu, serikali, sheria, na mwisho kiwango cha teknolojia. (Mwaka 1977 hata njia za vyombo baina ya sayari zilitupiwa dadu, toleo la 1981 likaufuta utaratibu huo, nami nausikitikia, kwani njia ikizuka kwa bahati humlazimu mwamuzi kubuni sababu yake.)

Tuchukue Morogoro na milima yake kana kwamba ni sayari. Bandari ina jibu: reli ilifika mwaka 1907, na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Teknolojia ndiyo inayokwama. Jedwali lake ni ngazi: sufuri iko chini, 7 ni kama dunia ya miaka ya 1970, na juu yake viko vyombo vya kwenda nyotani. Mkulima wa Mgeta hulima kwa jembe la mkono, huteremsha maji kwa mfereji, na kabichi yake hubebwa kichwani hadi barabarani. Lakini simu imekwisha kumwambia bei ya Dar es Salaam. Tumweke ngazi ipi? Wastani hausaidii, maana hakuna aishiye kwenye wastani.

Uluguru imewahi kupimwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona mteremko na jembe, ikaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi. Waluguru walikuwa na njia yao ya kufukia magugu kwa mistari mlimani; matuta yaliyoamriwa yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 watu walikataa, vurugu zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Anayemwandikia mwenzake tarakimu ndogo hujiona ana haki ya kumfundisha kulima.

Mchezo wenyewe uliwahi kulitambua kosa. MegaTraveller ilitoka mwaka 1987, imejaa makosa ya chapa. Lakini World Builder's Handbook, kitabu cha Digest Group Publications cha 1989, kiliipasua tarakimu ile: nishati peke yake, mawasiliano peke yake, tiba, usafiri wa nchi kavu, na kadhalika. Majedwali yake yanachosha. Hata hivyo Mgeta inaandikika humo, mawasiliano juu na usafiri chini, bila ya mtu kudhalilishwa. Mongoose, katika matoleo ya 2008 na 2016, ilirudi kwenye tarakimu moja ndani ya kitabu kikuu, bila shaka kwa ajili ya wepesi, na wepesi huo umeigharimu.

Liko na jedwali la serikali. Humo sufuri hupewa mahali pasipo na muundo wa serikali, ambapo mara nyingi uhusiano wa kifamilia ndio unaotawala. Waluguru, ambao ardhi yao ilishikwa na koo za upande wa mama, na ambao jina la Kingalu limerithiwa kwa vizazi huko Kinole, wangepata sufuri mwaka 1977. Mwaka 2008 pia wangepata sufuri.